Barua ya wazi kwa Kamishna Manfred, wamiliki wa timu 30 na chama cha wachezaji: msitufungie milango Desemba

Kwa Kamishna Rob Manfred, kwa wamiliki wa timu zote 30 za ligi kuu ya besiboli, na kwa viongozi wa chama cha wachezaji,

Shikamooni wakuu, maana wengi wenu mmenizidi umri.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, naishi Des Moines, Iowa, mwaka wa kumi na tatu sasa, nina watoto wawili na nafanya kazi shifti ya usiku kwenye ghala la mizigo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndo lugha ninayobishania besiboli na ndo lugha inayonipa hasira kamili na heshima kamili, na huku kwetu Iowa tuko wengi tu, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, watoto wetu wametoka na huu mchezo shuleni wakauleta nyumbani na sisi wazazi tukajikuta tumeufuata, mimi wa kwanza. Atakayetaka kuwasomea atawasomea.

Nina jambo moja tu japo litapita kwenye mambo mengi, mnivumilie. Mkataba wenu wa kazi, ule kati ya wamiliki na wachezaji, unaisha tarehe 1 Desemba 2026. Kazini kwetu kila mtu anaongea kama vile imeshaamuliwa, kwamba mtafunga milango, yaani wamiliki wawazuie wachezaji kazini mpaka mkataba mpya upatikane, kama mlivyofunga Desemba 2, 2021, siku 99, mpaka Machi 10, 2022. Wamiliki kadhaa wameshasema hadharani wanataka kikomo cha mishahara, yaani timu isiruhusiwe kulipa zaidi ya kiasi fulani, na wachezaji hilo neno hawataki hata kulisikia. Mimi naomba msifunge. Nitakosa mechi na itaniuma, hilo lipo, lakini kinachonitisha zaidi ni kilichofuata mara ya mwisho mlipogombania hiki hiki kitu mpaka mwisho, mwaka 1994. Mgomo wenyewe naona mnaukumbuka. Kilichofuata naona mmekisahau.

Ngoja niwaambie nilivyokijua mimi, maana 1994 nilikuwa mtoto wa kucheza chandimu Kigoma, sikujua Marekani kuna mchezo wa kupiga mpira kwa rungu.

Mapumziko yetu ni saa nane usiku, dakika thelathini, na mezani huwa tunakaa watatu. Kuna mzee mmoja mtu wa hapa hapa Iowa, alikuwa mkulima akauza shamba, shabiki wa St. Louis Cardinals tangu utoto, alikuwa anaisikiliza timu yake kwenye redio ya trekta. Kuna kijana wa Dominican, anajua takwimu za kila mchezaji kama mtu anayejua mistari ya Kurani. Na mimi, Cubs wa Chicago, kwa sababu timu yao ya ngazi ya juu ya ligi ndogo, wanakoandaliwa wachezaji, iko hapa hapa mjini, Iowa Cubs, pale Principal Park mito miwili inapokutana, ukikaa nyuma ya mpigaji unaliona kuba la dhahabu la jengo la serikali ya jimbo juu ya uzio wa nyuma. Ndo nilipoijua besiboli, kwa tiketi ya bei poa na binti yangu mabegani.

Tunabishana vibaya sana. Mikataba, ratiba, madawa, nani aingie Cooperstown, Jumba la Umaarufu la besiboli, nani asiingie, kuna usiku msimamizi alikuja kutuambia tupunguze sauti. Ila siku moja nikamuuliza yule mzee, mbona wewe unajua kila kitu mpaka 1994 halafu baada ya hapo unakuwa kama mtu aliyekuwa safarini? Akanyamaza kidogo, akasema, "Niliacha."

Agosti 12, 1994 wachezaji waligoma kwa sababu wamiliki walitaka kuwawekea kikomo cha mishahara. Tony Gwynn wa San Diego alikuwa na wastani wa kupiga wa .394, anainyemelea .400 ambayo ni nadra sana mtu kuifikia. Matt Williams ana homurani 43, yaani mipigo inayovuka uzio, na msimu haujaisha, kuna rekodi ya Roger Maris ya 61 iliyokaa tangu 1961 inamsubiri. Montreal Expos, timu maskini, walikuwa na rekodi nzuri kuliko timu zote, ushindi 74, vipigo 40. Septemba 14 kaimu kamishna Bud Selig akafuta msimu na fainali, World Series haikuchezwa kwa mara ya kwanza tangu 1904. Vita viwili vya dunia vilipita, fainali zikachezwa, halafu ikashindikana kwa sababu ya watu wenye pesa kugombania pesa. Mpaka jaji mmoja wa New York, Sonia Sotomayor, alipotoa amri Machi 1995 ndo watu wakarudi kazini. Montreal hawakuinuka tena, miaka kumi baadaye timu ikahamishiwa Washington. Gwynn hakuifikia .400 hadi anaingia kaburini. Na yule mzee wetu alizima redio ya trekta na hakuiwasha tena kwa besiboli, yeye na maelfu wengine, viwanja vikabaki na viti vitupu.

Sasa hapa ndo pa kwangu. Viti vitupu mkavitafutia dawa. Na dawa ikapatikana, 1998, Mark McGwire na Sammy Sosa wanakimbizana kupiga mipira nje ya uzio, mmoja akamaliza na 70 mwingine 66, nchi nzima ikarudi kwenye tivii. Agosti ile ile mwandishi wa habari aliona chupa kwenye kabati la McGwire, androstenedione, dawa ya kuongeza misuli, dukani inauzwa kihalali wakati ule, kwenye Olimpiki imeshapigwa marufuku, kwenye besiboli hamna katazo. Na aliyezomewa sana ni mwandishi. Steroidi zenyewe Kamishna Fay Vincent alishazikataza kwa barua tangu 1991, lakini barua bila kupima mkojo ni karatasi tu, na ligi kuu haikuanza kupima wachezaji wake wote mpaka 2003, miaka kumi na miwili. Chama cha wachezaji kikasema kupima ni kuingilia faragha, wamiliki wakasema chama ndo kinazuia, na kila jioni geti linaingiza hela. 2001 Barry Bonds akapiga homurani 73 msimu mmoja. 2002 Ken Caminiti, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi yake 1996, akakiri mwenyewe kwamba msimu ule alikuwa anatumia steroidi, miaka miwili baadaye akafa kwa madawa ya kulevya akiwa na miaka 41. 2003 ikaja kesi ya BALCO, maabara iliyokuwa inawapa wanamichezo madawa. 2005 mkaitwa bungeni, McGwire akasema hakuja kuongelea mambo yaliyopita, Rafael Palmeiro akanyoosha kidole akasema hajawahi kutumia kabisa, miezi michache mbele akafungiwa baada ya vipimo kumkamata. Desemba 2007 ikatoka ripoti ya seneta George Mitchell, kurasa 409, na ndani yake akaandika wazi kwamba lawama ni ya wote, makamishna, viongozi wa timu, chama, wachezaji.

Kwa hiyo watu wanapoongelea mikataba kama jambo moja na madawa kama jambo lingine mimi nashangaa. Ni jambo lile lile. Mligombana kwa mikataba mkatupoteza, mlipotupoteza mkafumbia macho kitu kilichoturudisha, na kilipokuja kunuka mkawaachia wachezaji harufu yote wabebe peke yao.

Mnaona nasema hivi kwa nini? Bonds na mrushaji Roger Clemens wanatuhumiwa madawa, na kwenye kura yao ya mwisho ya waandishi kuingia Cooperstown, 2022, Bonds alipata asilimia 66, Clemens 65.2, inatakiwa 75, wakatolewa. Sawa, naelewa hoja, na nikisema ukweli ningekuwa na kura nisingempa Clemens. Lakini Bud Selig, yeye aliyekuwa kwenye kiti cha kamishna miaka yote hiyo, aliingizwa kwenye Jumba la Umaarufu la Cooperstown 2017. Kijana wa Dominican hapo huwa anapiga meza. Na mimi sina jibu la kumpa, maana kama enzi ile ilikuwa chafu kiasi kwamba aliyepiga homurani 762 hawezi kuingia, basi aliyeisimamia enzi hiyo anaingiaje? Naomba hili mlijibu, najua Cooperstown ni taasisi yenyewe na kura siyo zenu, lakini sauti yenu inasikika kule kuliko yangu. Mimi ningetaka kibao cha kila mmoja kiandikwe ukweli wake, cha Selig nacho kiandikwe kwamba upimaji ulianza 2003.

Huku kwetu Afrika Mashariki dawa za kusisimua misuli siyo habari ya mbali. Ruth Chepngetich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago Oktoba 2024 kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa mbili na dakika kumi, Wakenya ninaofanya nao kazi walilia kwa furaha. Mwaka uliofuata akafungiwa miaka mitatu. Rita Jeptoo, aliyeshinda Boston na Chicago, ilifika miaka minne. Binti wa kijijini anayekimbia kwa ajili ya familia ya watu kumi na tano anafungiwa miaka minne na maisha yamekwisha, na kwenye besiboli kosa la kwanza ni mechi 80, nusu msimu. Fernando Tatis Jr. alifungiwa mechi 80 Agosti 2022, akasema ilikuwa dawa ya choa, Aprili 2023 akawa ameshamaliza adhabu, na mkataba wake wa miaka 14 wa dola milioni 340 upo pale pale. Jurickson Profar alisaini miaka mitatu kwa milioni 42 Januari 2025, Machi 31 akafungiwa. Siwachukii hawa, na najua mshahara wa zile mechi wanaukosa, na najua pia mnapima sana siku hizi kuliko zamani, hilo nawapongeza kwa moyo wote. Nasema tu kwamba mkikaa mezani Desemba kuongea pesa, adhabu nayo iwe mezani. Kosa la kwanza msimu mzima. Chama cha wachezaji, hii iwe zawadi yenu kwa wale wachezaji wasafi ambao nafasi zao zinachukuliwa, maana wengi wao ndo wanachama wenu.

Turudi kwenye mikataba. Huku kwetu meza inagawanyika vibaya. Mzee anasema pesa zimevuka akili, Shohei Ohtani milioni 700 kwa miaka 10, tena milioni 680 zitalipwa kuanzia 2034 hadi 2043 kwa hiyo Dodgers wa Los Angeles wanamlipa milioni mbili tu kwa mwaka wakati anawachezea, Juan Soto milioni 765 kwa miaka 15 pale New York Mets, anasema timu za miji midogo kama Royals wa Kansas City na Pirates wa Pittsburgh watapigana na hao kwa nini, kwa mawe? Kijana anasema aliyempa Soto hizo hela hakushikiwa bastola. Mimi niko na kijana, ila namwelewa mzee. Dodgers wamechukua 2024 na 2025 mfululizo, mtu wa Pittsburgh akikata tamaa simlaumu.

Lakini jamani, kabla hamjatuambia kwamba mishahara ndo ugonjwa, tufungulieni vitabu. Timu ya Atlanta Braves hisa zake ziko sokoni, kwa hiyo hesabu zake mtu yeyote anasoma. Nyingine karibu zote ni siri. Mnatutaka tuamini kwamba timu fulani haiwezi kulipa, kwa kauli tu ya mwenye timu, wakati viwanja vingi vimejengwa kwa kodi zetu. Mimi nikienda kuomba mkopo wa gari benki inataka stabu za mshahara za miezi mitatu. Wekeni stabu mezani. Zikionyesha kweli mnaumia, mimi mwenyewe nitambishia yule kijana mpaka alfajiri.

Na kuna hili ambalo limetokea hapa hapa kwetu, mjini Des Moines, nitalikumbuka siku zote. Kris Bryant. Machi 2015 kwenye mechi za maandalizi alipiga homurani tisa, hakuna aliyemfikia, kila mtu aliona huyu mtu yuko tayari. Cubs wakamleta Iowa, wakasema anahitaji kurekebisha udakaji wake. Sisi tulifurahi, nani asiyefurahi kumuona Kris Bryant kwa bei ile? Aprili 17 wakampandisha Chicago. Sasa pigeni hesabu, mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172, na yeye kwa kupandishwa siku ile akamaliza msimu na siku 171. Siku moja. Mchezaji anakuwa huru kusaini na timu yoyote baada ya miaka sita kamili, kwa hiyo ile siku moja iliwapa Cubs mwaka mzima wa ziada juu yake. Alikuwa chipukizi bora wa ligi mwaka huo huo, 2016 akawa mchezaji bora, na ndo yeye aliyeokota ule mpira wa mwisho huku anateleza anacheka, Cubs wakachukua ubingwa baada ya miaka 108. Alilalamika rasmi, Januari 2020 msuluhishi akamkatalia, kwamba sheria haikuvunjwa. Na ni kweli haikuvunjwa, hapo ndo maumivu yalipo. Tulikuwa tumekaa uwanjani tunampigia makofi, hatujui kwamba tunaangalia mtu anayekatwa siku yake.

Mkataba wa 2022 umerekebisha kidogo, chipukizi akishika nafasi ya kwanza au ya pili kwenye kura ya chipukizi bora anapewa mwaka kamili hata akichelewa kupandishwa. Asanteni. Lakini wa tatu je? Na yule ambaye hana jina? Kijana wetu wa Dominican ana binamu waliosaini wakiwa na miaka 16, ndo umri wenu kule, anasema ukifika 18 hujasainiwa wanakuona mzee, na anasema mtoto wa miaka 14 akiambiwa sindano hii itaongeza kasi ya mkono atauliza nini? Mama yake ana nyumba ya mabati. Huku juu tunagombana kuhusu Bonds, kule chini kuna mtoto anachomwa. Hapa pia mikataba na madawa ni kitu kimoja, naombeni mlione.

Wachezaji wa ligi ndogo nao mpaka juzi juzi walikuwa wanaishi kama sisi wa ghala. Mchezaji wa ngazi ya Iowa Cubs, ngazi moja tu chini ya ligi kuu, alikuwa analipwa dola 17,500 kwa mwaka, nimewahi kumuona mmoja kwenye foleni ya duka la bei rahisi na viatu vya mazoezi vimeisha soli, mimi nalipwa kumzidi na nilikuwa nimempigia makofi jana yake. 2022 wakajiunga na chama, 2023 mshahara ukapanda hadi 35,800. Mlikubaliana bila kufunga milango hata siku moja. Kwa hiyo mnaweza! Hili liwekeni ukutani kwenye chumba chenu cha mazungumzo.

Ratiba. Hapa nitawasifu kwanza. Saa ya kumhimiza mrushaji mliyoleta 2023 imeokoa huu mchezo, mechi ilikuwa inachukua masaa matatu na dakika nne 2022, ikashuka hadi masaa mawili na dakika arobaini, binti yangu sasa anaona mpaka mwisho kabla hajasinzia. Na kila timu kucheza na kila timu kila mwaka, safi sana. Mechi 162 ni nyingi, mzee anasema mrudishe 154 kama kabla ya 1961, mimi naona sawa ila najua hamtakubali kwa sababu kila mechi ni geti, basi tuliache.

Ila World Series mnacheza usiku kwa nini? Mchezo wa tatu wa 2025 ulienda hadi ingi (zamu za kupiga) ya 18 wakati kawaida ni tisa, Freddie Freeman akaumaliza kwa homurani, masaa sita na dakika 39, huku kwetu ilikuwa inakaribia saa nane usiku. Mimi nilikuwa macho kwa sababu ni shifti yangu, simu imeegeshwa kwenye boksi, nikapiga kelele watu wakadhani nimeangukiwa na mzigo. Watoto wa Iowa wote walikuwa wamelala. Watoto wa New York usiseme. Mara ya mwisho fainali kuchezwa mchana ilikuwa 1987, mchezo wa sita, Minneapolis. Miaka karibu arobaini! Ombi langu ni Jumamosi moja tu. Moja, mchana.

Halafu kuzimiwa matangazo. Watu wa nje ya Iowa huwa hawaamini nikiwaambia. Iowa haina timu ya ligi kuu hata moja, na kwa miaka mingi mliihesabu kuwa eneo la nyumbani la timu sita kwa mpigo, Cubs, White Sox, Cardinals, Brewers, Twins na Royals, kwa hiyo mtu akilipia kifurushi cha mtandaoni hizo zote sita zinazimwa, ati kulinda tivii za nyumbani na wenye viwanja. Uwanja upi? Kutoka hapa hadi Chicago ni masaa matano kwa gari. St. Louis ni hivyo hivyo. Binti yangu akiwa na miaka sita aliniuliza, baba, kwa nini timu yetu ndo hatuioni na za mbali tunaziona? Nilikosa la kumwambia, nikawasha redio. Na Agosti 2021 mkaja hapa hapa Iowa, Dyersville, mkajenga uwanja wa muda wa watu elfu nane katikati ya mahindi, Tim Anderson akapiga ule mpira wa mwisho ukaingia shambani, White Sox 9 Yankees 8, ilikuwa usiku mzuri kuliko yote niliyoona kwenye tivii, nililia. Wakati huo huo mlikuwa mmetoka kupunguza timu za ligi ndogo hadi 120, na kati ya zilizotupwa ni mbili za Iowa, Burlington na Clinton. Mlikuja kupiga picha na mahindi yetu na timu zetu mbili mkawa mmeshazifuta.

Twins mwaka 2025 wameanza kuuza matangazo yao moja kwa moja kwa walio ndani ya eneo lao, bila kuzima, nikasema afadhali, mlango umefunguka upande mmoja. Kamishna umesema unataka kuzikusanya haki zote mikataba ya tivii inapoisha baada ya msimu wa 2028. Naomba iwe kweli, na isiwe kwa kutulipisha apu tano tofauti, maana sasa hivi kuna Ijumaa iko huku na Jumapili iko kule, mzee wa miaka 71 hawezi kukariri paswedi zote hizo.

Huyo mzee ndo sababu nimeandika leo na siyo mwezi ujao. Mwaka jana, baada ya kumsumbua sana, alikubali kuja na mimi na binti Principal Park. Hakuwa ameingia uwanja wowote wa besiboli tangu 1994. Alikaa kimya ingi tatu nzima, binti yangu anamwelezea saa ya mrushaji inavyofanya kazi, yeye anaitikia tu. Ingi ya tano akaomba kalamu, akaanza kujaza karatasi ya matokeo kwa mkono, alama zile za zamani, hakuwa amesahau hata moja. Akamfundisha binti kuandika mpigaji aliyekosa mara tatu. Tukaondoka mwisho kabisa, taa zinazimwa.

Tumekubaliana kwamba Aprili 2027 tutaenda St. Louis, akaone Cardinals kwa macho yake tena, mimi naendesha. Ameniambia kitu kimoja tu, kwamba wakifunga tena asiitwe tena. Tiketi za 2027 bado hazijaanza kuuzwa. Zikianza tutanunua tatu, mbili za watu wazima na moja ya mtoto, na nimeshaomba likizo ya siku mbili.

Nawatakia kikao chema.

Wenu,
baba wa wawili, shifti ya usiku, Des Moines, Iowa